Mito ya Mchanga na Njia za Miguu Dodoma

Mgeni afikaye Dodoma katika mwezi wa Septemba huona madaraja yasiyo na maji chini yake. Mahali pa maji pana mchanga, nyayo za mbuzi na watoto wachezao mpira. Hiyo ndiyo mito ya uwanda wa juu wa kati. Mvua ya Dodoma ni kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya mvua kubwa mto hufurika kwa saa chache au siku chache, kisha maji hutoweka machoni. Lakini hayaishi yote. Sehemu yake hubaki ndani ya mchanga, na Wagogo tangu zamani huchimba visima vifupi humo wakati wa kiangazi, wakapata maji ya watu na ya mifugo.

Kingo za mito ya namna hii zastahili kuwa mahali pa matembezi na mapumziko ya wakazi wa makao makuu ya nchi. Wazo hili si geni. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ilikamilisha mpango wa mji mpya. Mpango huo ulimfikiria kwanza mtu aendaye kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi, wala si mwenye gari peke yake. Tangu hapo mji umekua mno. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Mji ukuapo kwa kasi hiyo, ardhi isiyo na kazi inayoonekana ndiyo hutamaniwa kwanza. Bonde kavu huonekana kama ardhi ya bure, likageuzwa jalala, shimo la mchanga wa kujengea, au kiwanja cha nyumba itakayokumbwa na mafuriko.

Sheria tayari imeweka msingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kuyadhuru mazingira ya mto huo. Mwanafunzi na apige hesabu: mita 60 kwa kila upande, kwa urefu wa kilomita 1, ni mita za mraba 120,000, yaani hekta 12. Lakini ardhi inayolindwa kwa katazo tu, bila mtu wa kuitumia kwa wema, haina mlinzi wa kila siku. Wananchi wapitao mahali asubuhi na jioni ndio huona mapema mti ukikatwa na taka zikimwagwa.

Wapo wasemao kwamba mto usio na maji hauna burudani, na kwamba bustani ya kweli yahitaji majani mabichi na chemchemi. Fikra hiyo imetoka katika nchi za mvua nyingi. Katika mji unaotegemea sana maji ya visima virefu vya Makutupora, kumwagilia majani yasiyoliwa na mtu wala mnyama ni anasa. Mkuyu, mkwaju na mgunga huota kando ya mito bila kumwagiliwa, kwa kuwa mizizi yake huyafuata maji yaliyo chini. Kivuli cha mkuyu saa nane za mchana ni burudani ya kutosha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Yasemwa kwamba miguu ya watu huharibu ardhi, na kwamba njia ya leo ni korongo la kesho. Hilo ni kweli, na sababu yake yaelezeka. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kijia chenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 200, kikipata mvua ya milimita 30, hupokea lita 6,000. Ardhi yenye nyasi ingenyonya sehemu kubwa ya maji hayo. Udongo ulioshindiliwa na nyayo hunyonya kidogo tu. Yaliyobaki hutelemka, na kadiri mteremko ulivyo mkali ndivyo yanavyopata nguvu ya kuchukua udongo.

Mkoa wa Dodoma una ushahidi wa kutosha juu ya jambo hili. Mwaka 1972 zilichapishwa taarifa za watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden kuhusu mabonde ya Ikowa, Msalatu na Matumbulu, zikaonyesha jinsi mabwawa yalivyokuwa yakijaa tope lililotoka katika miteremko iliyo wazi. Huko Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nyasi na miti ilirudi, ingawa wafugaji walilipa gharama kubwa.

Hata hivyo dawa ya Kondoa haiwezi kunakiliwa mjini. Ng'ombe waliondolewa, lakini watu wa mji hawaondoleki. Wasipotengenezewa njia watajitengenezea wenyewe, nao hukata moja kwa moja kutoka nyumbani hadi mtoni, mahali penye mteremko mkali kabisa. Kwa hiyo swali si kama pawe na njia au pasiwe, bali ni nani atakayezichora. Njia kuu ifuate ukingo, juu ya alama ya mafuriko makubwa. Vijia vya kushukia vikate mteremko kwa mshazari, na kila baada ya hatua kadhaa pawekwe mstari wa mawe wa kuyageuzia maji kwenye nyasi. Tena pawe na mabango ya kuonya kwamba mto wa mchanga waweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, hata kama mbingu ya mjini ni nyeupe.

Kazi hii yaweza kuanzia shuleni. Fito tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi A, pamoja na uzi wenye jiwe, zatosha kupimia mstari usiopanda wala kushuka. Vigingi vilivyopigwa kando ya kijia vyaweza kuonyesha, msimu hadi msimu, ni sentimita ngapi za udongo zimeondoka. Shule iliyopima hivyo kwa miaka 3 itakuwa na jambo la kuwaambia viongozi wa Jiji lisiloweza kupuuzwa kwa urahisi. Nao viongozi hawana budi kuyapima mabonde na kuyawekea mipaka sasa, kwani kuacha njia leo ni rahisi kuliko kubomoa nyumba za watu kesho.