Makinikia Yalitufundisha Nini? Nikeli Bila Maabara ni Hasara Ileile

Leo siandiki kuhusu Katiba Mpya wala tume ya uchaguzi, hayo tutarudi nayo. Leo tuongee madini, ila sio kwa namna tuliyozoea.

Mnakumbuka Mei 2017? Makontena 277 ya makinikia yamezuiwa bandarini, Kamati ya Profesa Mruma imepeleka ripoti Ikulu, na mtaani kila kijiwe kina mtaalamu wa dhahabu. Kamati inataja namba zake, kampuni inazikana. Na sisi raia? Tulichagua namba ya kuamini kwa kuangalia rangi ya chama. Tuseme ukweli, hata sisi wapinzani tulifanya hivyo.

Sasa sikilizeni hii. Mwezi huo huo, tarehe 16, Jordan walizindua kituo kinaitwa SESAME, pale Allan, nje kidogo ya Amman. Ndani yake kuna mashine inayoitwa sinkrotroni. Kwa lugha nyepesi: elektroni zinakimbizwa kwenye duara la mita 133, karibu na kasi ya mwanga. Sumaku zikizikunja kona, zinatoa mionzi, ikiwemo eksirei kali kuliko ya hospitali kwa mbali sana. Mionzi hiyo ikipita kwenye kipande cha madini au betri, mtafiti anaona atomi zimejipangaje na kemia yake inabadilikaje, bila kuivunja.

Wakubwa wako mbali zaidi. Grenoble, Ufaransa, kuna mashine ya ESRF yenye mzunguko wa mita 844. Mwaka 2015 watafiti wa University College London walichapisha kazi waliyoifanya pale: walipasha moto betri za lithiamu na kutazama ndani yake, hatua kwa hatua, hadi zinaharibika na kulipuka. Ndivyo watu wanavyojifunza kutengeneza betri salama. Hawabahatishi.

Mtaniuliza, kamanda, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu kwenye betri nyingi za magari ya umeme, upande mmoja una nikeli na upande mwingine una kinywe. Nikeli iko Kabanga, Ngara. Kinywe kiko Mahenge na Ruangwa. Sisi tumekalia vitu ambavyo dunia inavichunguza atomi kwa atomi, halafu mjadala wetu unaishia kwenye asilimia 16 za hisa za serikali. Asilimia 16 ya kitu usichokijua thamani yake ni asilimia ngapi? Wanaojua nikeli inafanya nini betri inapochajiwa mara elfu ndio watakaoamua bei yake, na ndio watakaoamua siku ya kuiacha watafute kitu kingine.

Mimi nilisoma kemia. Chuo sikitaji. Kwa miaka mitatu mashine moja ya kupimia ilikaa na karatasi limebandikwa: "MBOVU". Tulichora kwenye daftari matokeo ambayo hatukuwahi kuyaona. Leo nina shahada na kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Sioni aibu na kibanda changu, kinanilisha. Ila kinachouma ni kwamba darasa zima tulijua kueleza kinywe kwenye mtihani, na hakuna aliyewahi kukipima.

Najua jibu la wakubwa: "Watu hawana maji, nyie mnataka mashine za mabilioni?" Hoja ya maji ni ya kweli, kijijini kwetu ndoo bado ziko kichwani. Lakini Jordan nao hawana maji, na sehemu kubwa ya nishati yao wanaagiza nje. SESAME haikuanza na mabilioni mezani. Ilianza baada ya Ujerumani kuzima mashine yake ya zamani ya BESSY I, mwaka 1999. Badala ya kuishia kuwa chuma chakavu, sehemu zake zikatolewa msaada. Duara kuu likajengwa jipya, kwa michango ya nchi wanachama na wafadhili, chini ya mwavuli wa UNESCO. Humo wamo Iran na Israel, Palestina na Saiprasi, Uturuki, Misri na Pakistan. Watu wasiosalimiana wanakaa baraza moja! Mwaka 2019 wakaongeza mtambo wa umeme wa jua ili bili isiwaue. Sisi Afrika Mashariki tuna jumuiya na wimbo wake, tunashindwa nini?

Sisemi tujenge sinkrotroni kesho Dodoma. Hizo ni porojo za majukwaani. Nasema mambo matatu. Kwanza, wabunge wetu wakipata nafasi wasiulize mrabaha tu, waulize kila mkataba wa nikeli na kinywe unasomesha watafiti wangapi na unaacha maabara gani. Pili, nchi itafute mlango kwenye mashine zilizopo: Afrika Kusini ilijiunga na ESRF mwaka 2013, Misri wako SESAME. Tatu, na hapa nitawakera baadhi yenu, ilani yetu wenyewe iache kuandika "rasilimali ziwanufaishe wananchi" halafu nukta. Ziwanufaishe vipi? Nani atapima? Kwa kifaa gani?

Tukishika dola kesho na maabara zikabaki na karatasi la "MBOVU", tutaitwa mezani kama walivyoitwa wenzetu, na tutasoma namba tulizoandikiwa na wengine. Makontena yatakuwa ya nikeli badala ya makinikia, basi.

Nawasilisha. Anayepinga aje na hoja, matusi abaki nayo.