Mwongozo Umetunyang'anya Kitabu

Leo nina dukuduku moyoni, na mniwie radhi nikimgusa mtu.

Wengi wetu tunasoma mwongozo, kitabu chenyewe hatukifungui. Mimi ni mmoja wao. Muhula uliopita nilimuuzia mwenzangu Nguu za Jadi, riwaya ya Clara Momanyi, nikabaki na mwongozo. Maudhui, wahusika, mbinu, yote niliyakariri kama kasuku.

Likizo ilipofika, nikapanda matatu hapa Kitengela, nikapitia Isinya hadi Kajiado kwa nyanya, ambaye sisi humwita koko. Jioni akaniuliza tunasoma nini shuleni. Nikajibu kwa maringo, "Koko, tunasoma habari za Mangwasha. Ni mwanamke jasiri sana."

"Vyema. Alifanya nini hata mkamwita jasiri?"

Jameni! Nilibaki kutoa macho. Koko hakucheka. Alisema tu, "Basi anayemjua ni mwingine, si wewe."

Maneno hayo yalinichoma. Kesho yake nikapekua sanduku la mjomba, nikapata Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996. Haimo katika mtihani wetu. Kila jioni nilimsimulia koko nilipofika: Kongowea kule Tanga, mamake mwimbaji wa taarabu, kifo cha mama huyo, na safari ya kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Ikawa koko akimaliza kukama ng'ombe ananiita mwenyewe. Je, baba alipatikana? Sisemi ng'o! Kisomeni.

Najua mtasema vitabu ni ghali na wakati hautoshi. Kweli kabisa. Wala sisemi miongozo ichomwe. Inafaa, lakini ifuate kitabu, isikitangulie. Walibora alifariki Aprili 2020, lakini koko, asiyejua kusoma, humtaja Kongowea kama mtoto wa jirani. Mwongozo gani unaweza hayo?

Ombi langu kwa chama chetu ni hili: kila muhula, kila mwanachama asome kitabu kimoja kisichotahiniwa, kisha atusimulie bila karatasi. Mimi niko tayari kuanza.

Na ile Nguu za Jadi niliyouza? Nimeiazima kwa yule yule niliyemuuzia, na kicheko chake nimekivumilia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Likizo i karibu, na koko bado anangoja jibu lake.