Tusiseme Hatuna Viongozi



Wapendwa waamini, katika vikao vya Halmashauri Walei huku kwetu Chemba kuna kauli tuliyoisikia mara nyingi hata imekuwa kama kiitikio cha zaburi: viongozi hawapatikani. Husemwa hasa muhula unapokwisha. Mwenyekiti anaguna, anasema amechoka, lakini afanyeje, hakuna wa kumwachia. Nasi tunampigia makofi, anarudi kitini. Juma hili tunaikataa kauli hiyo. Viongozi wapo. Kinachokosekana ni ujasiri, na umekosekana kwanza kwetu sisi tulio mbele, kabla ya kukosekana kwa vijana.

Tutazame yaliyotokea kwa jirani zetu wa Uganda. Mwishoni mwa mwaka 1882 Wamisionari wa Afrika waliondoka Buganda, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, upande wetu wa kusini. Hawakurudi mpaka mwaka 1885. Muda wote huo hapakuwa na padre, wala Misa, wala Kitubio. Waliporudi walikuta waliotaka kubatizwa wameongezeka! Nani aliwafundisha? Walei: Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa, Matia Mulumba na wenzao. Watatu hao walikuwa wamebatizwa mwaka ule ule wa 1882. Kwa vipimo vyetu vya leo wasingepewa hata ukatibu wa jumuiya.

Tarehe 15 Novemba 1885 Kabaka Mwanga alimwua Balikuddembe. Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga alikwenda kubatizwa, akashika nafasi ya marehemu ya kuwaongoza vijana wa ikulu. Alijua kilichompata aliyemtangulia. Muhula wake haukufika miezi saba, kwani tarehe 3 Juni 1886 alichomwa moto Namugongo. Kabla ya hapo alikuwa amewabatiza kwa mkono wake baadhi ya wenzake, akiwamo Kizito, mtoto wa miaka kama kumi na minne. Kizito huyo angekuwa parokiani kwetu tungemwambia angoje kwanza akue.

Jimbo letu la Kondoa lilizaliwa mwaka 2011 kutoka Dodoma. Ni jimbo changa, lakini vigango vyake vingi vinaegemea mabega ya wazee wale wale. Vigango viko mbali, masika hukata njia, na padre hawezi kufika kila Dominika. Ibada ya Neno huongozwa na katekista, naye ni mmoja. Akiugua, mlango haufunguliwi.

Katika kigango kimoja tulisimuliwa kwamba katekista alilazwa, na kwa Dominika tatu waamini walikaa chini ya mti wakingoja, kisha wakatawanyika. Miongoni mwao alikuwamo binti aliyemaliza kidato cha nne, anayesoma masomo vizuri kuliko wengi wetu. Tulimwuliza kwa nini hakuongoza sala. Akajibu: "Baba, wazee wangesema najifanya nani." Tulitaka kumwambia kwamba wasingesema. Tukanyamaza, maana wangesema. Na sisi mapadre, tuliompita binti huyo mara ngapi mlangoni mwa kanisa, hatukuwahi kumtaja kwa jina mbele yao.

Hata kisingizio cha kwamba Kanisa haliruhusu kimekwisha. Januari 2021 Papa Fransisko aliwafungulia wanawake huduma rasmi za usomaji na utumishi wa altare, na Mei mwaka huo akaifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa. WAWATA wanafagia, wanapika, wanachangisha, wanazika. Ikifika zamu ya kiti tunamtafuta mwanamume.

Wengine husema vijana wataharibu. Ndiyo, watakosea. Sisi hatukukosea? Tuseme wazi lisemwalo pembeni: wapo wanaong'ang'ania kiti kwa sababu ya daftari la michango, wakihofia macho mapya yatakayolifungua. Hofu hiyo haiondolewi kwa kumsingizia kijana kwamba hana imani.

Eldadi na Medadi walipotoa unabii kambini, Yoshua alitaka wazuiwe (Hes 11). Musa hakukubali, alitamani taifa zima lingekuwa hivyo. Baadaye akamwekea mikono Yoshua yuyo huyo mbele ya mkutano wote (Hes 27), yeye mwenyewe akiwa bado hai, bado ana sauti. Hakungoja azikwe ndipo watu wagombanie fimbo.

Uchaguzi wa jumuiya unakuja. Tunaomba kila mwenyekiti aje na mtu mmoja asiyefika miaka thelathini, amwachie sala nzima ya jumuiya, naye akae nyuma asimsahihishe mbele za watu.

Ufunguo wa kigango kile sasa anao binti. Dominika ya kwanza sauti ilimtetemeka, akaruka zaburi. Hakuna aliyeondoka. Mzee mmoja alitoka amenuna, lakini juma lililofuata alifika mapema kuliko wote.