Kazi za Nyumbani Haziishi, Bali Hupangwa

Juma hili tutazungumzia jambo ambalo akina mama wengi hulilalamikia wakutanapo kisimani, sokoni au katika mkutano wa chama, nalo ni kwamba siku ni fupi na kazi ni nyingi.

Wanaosema hayo hawasingizii. Uchunguzi uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) mwaka wa 2021 kuhusu jinsi Wakenya wanavyotumia wakati wao ulionyesha kwamba mwanamke hutumia takriban saa nne na nusu kila siku katika kazi za nyumbani na ulezi zisizo na malipo. Mwanamume hutumia muda usiofika saa moja.

Hebu tuchukue mfano wa mama anayeishi Butali, ule mji mdogo ulio kwenye barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye. Huko miwa imepandwa hadi karibu na milango ya nyumba. Muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kukatwa, na penye miwa hapana miti ya kuni wala nafasi kubwa ya mboga. Mama huyu hana friji. Maji huyateka kwenye chemchemi, na moto wake ni wa kuni au magunzi ya mahindi. Mashauri mengi ya kupanga nyumba hayamfai, kwa kuwa yaliandikiwa wenye mifereji na kabati za ukutani. Hata hivyo, yeye pia aweza kuokoa muda mwingi bila ya kununua kitu cha bei ghali.

Asubuhi huanza jioni

Chunguza mambo yanayowachelewesha watu wa nyumba yako kila asubuhi. Utakuta kiatu kimoja kimepotea, kuni zimelowa umande, kibiriti hakionekani na mtungi wa maji ni mtupu. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lisingeweza kutengenezwa jana yake.

Kwa hivyo, baada ya chakula cha jioni, tenga nusu saa. Kuni za asubuhi ziingizwe ndani na zipasuliwe vipande vyembamba, kwani kuni nyembamba na kavu hushika upesi na hazijazi jiko moshi. Sufuria ya chai, vikombe, majani na sukari viwekwe pamoja kwenye sinia moja. Kila mtoto aweke sare, viatu na mkoba wake mahali pamoja, na pawe papo hapo siku zote. Misumari michache ukutani, kila mtoto na wake, yatosha kabisa.

Vyombo visilale vichafu. Vioshwe jioni, kisha asubuhi vianikwe kwenye kichanja nje. Jua huvikausha lenyewe, nawe hupotezi muda kuvifuta kimoja kimoja kwa kitambaa.

Maharagwe na mboga

Maharagwe ndiyo yanayomaliza kuni na wakati. Yaloweke usiku kucha, kisha asubuhi uyamwage maji hayo na kutia mengine. Unapopika chai, nayo yainjike. Yachemke kwa nguvu nusu saa nzima, wala usipunguze muda huo, kwani maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ambayo huondolewa na kuchemka vizuri.

Baadaye ifunike sufuria barabara na kuitia ndani ya kapu kubwa ulilolijaza majani makavu ya migomba au nguo kuukuu pande zote, chini na juu. Joto halitoki, na maharagwe huendelea kuiva pasipo moto wakati wewe uko shambani. Ukirudi mchana, yachemshe tena kabla ya kuyaunga. Usiyaache humo hadi jioni, maana chakula kinachokaa vuguvugu kwa muda mrefu huharibika.

Mboga zetu za kienyeji kama mrenda, kunde, saga na mnavu zina kazi ya kuchambua. Kazi hiyo ifanywe jioni mkiwa mmekaa mnapiga gumzo, kila mtu na fungu lake. Zisioshwe hapo. Zitandazwe kwenye ungo mahali penye baridi, na zioshwe zinapokaribia kupikwa. Tena usisahau hekima ya mama zetu ya kutumia munyu, yale maji yachujwayo katika majivu ya maganda ya maharagwe. Huilainisha mboga nayo ikaiva upesi.

Maji yanayopita juu ya paa

Jamii ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, huhitaji mitungi sita ya lita 20. Mtungi mmoja kama huo uliojaa una uzito wa kilo 20. Hesabu basi ni safari ngapi za chemchemi, na ni nani anayezifanya.

Sasa tazama paa lako la mabati. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Nyumba ndogo yenye paa la mita sita kwa nne ina mita 24 za mraba. Mvua moja ya milimita 10 huliletea paa hilo lita 240, yaani mitungi 12. Hata ukitoa yanayomwagika, pipa la lita 200 litajaa au kukaribia kujaa. Na eneo la Kakamega ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini Kenya.

Gata moja upande mmoja wa paa na pipa lenye kifuniko ni mradi ambao chama cha akina mama chaweza kuufanya kwa zamu, nyumba moja baada ya nyingine. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe paa. Maji hayo yafulie nguo, yaoshe vyombo na kunywesha mifugo. Ya kunywa yachemshwe na kuwekwa kwenye chombo chake chenye kifuniko.

Nani anayelipa?

Msomaji mpenzi, nyumba isiyo na mpango haimchoshi mama peke yake. Mara nyingi anayelipa deni hilo ni binti. Mtungi ukipatikana mtupu saa kumi na moja alfajiri, ndiye anayeamshwa aende chemchemini gizani huku ndugu yake angali amelala. Akirudi, afagie na kumwosha mdogo wake. Hufika shuleni amechelewa na amechoka, halafu mwisho wa muhula tunamuuliza kwa nini amepitwa na wengine.

Ndiyo sababu mpango wa kazi usiishie kwenye kapu na pipa. Chukua karatasi, andika kazi zote za nyumba, kisha mzigawe kwa siku. Mvulana aliyefika darasa la nne aweza kuosha vyombo, kuteka maji na kufua sare yake. Zamu zibadilishwe kila juma ili asiwepo wa kusema kazi fulani ni ya wasichana. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani mahali baba pia aionapo, na jina lake liwemo. Kupasua kuni za juma zima siku ya Jumamosi si kazi ya kumvunjia mzee heshima. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Huenda siku za kwanza ukaona ni afadhali ufanye mwenyewe, kwa kuwa sufuria zitaoshwa nusu nusu. Vumilia. Mrudishie sufuria pole pole, umwonyeshe masizi yalipobaki, naye atajifunza.

Usijaribu kubadilisha yote kwa siku moja. Juma hili anza na ile nusu saa ya jioni tu. Juma lijalo uongeze kapu, na lifuatalo karatasi ya zamu. Muda utakaookoka usiuharakishie kazi nyingine. Keti na binti yako, mfungue daftari lake, naye akusomee alichofundishwa siku hiyo.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia juma lenye nafasi ya kupumua.