Saloni ya Uvira si ya wageni peke yao

Katika nyumba nyingi za Uvira, chumba kizuri kuliko vyote ndicho ambacho wenye nyumba hawakai. Ni saloni. Ndani yake mna fotei nzito zilizofunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, meza ya katikati, kabati la vioo lenye sahani zisizotiwa chakula, na televisheni iliyofunikwa ili isiingie vumbi. Mtoto akikanyaga humo anafukuzwa. Mgeni akipiga hodi, pazia linafunguliwa na soda inatafutwa. Siku ambazo hakuna mgeni, na ndizo nyingi, jamaa nzima inakaa nyuma ya nyumba, kwenye vigoda na bidoni zilizopinduliwa, karibu na moshi wa mbabula.

Jambo hili limekuwa la kawaida kiasi kwamba hakuna anayeuliza sababu yake. Baba amefanya kazi miaka mingi kununua fotei hizo, mama anazifuta kila asubuhi, na wote wawili wanakaa kwingine.

Mazoea ya nchi ya mbali yanaweza kusaidia kuliona jambo hili upya. Watu wa Denmark wana neno hygge, linalotamkwa karibu na "huga". Asili yake ni Kinorwe, na wao wanalitumia kwa hali ya mtu kutulia na walio wake: taa ndogo, kinywaji cha moto, mazungumzo yasiyo na haraka, na hakuna anayejikweza juu ya mwenzake. Kule Copenhagen, mwezi Desemba mwanga wa mchana hudumu kama saa 7 tu, na baridi huwafungia watu ndani. Nyumba isipokuwa na raha, miezi hiyo inageuka kifungo. Mwaka 2016 Meik Wiking, mkuu wa taasisi ya Copenhagen inayochunguza furaha ya watu, alitoa kitabu juu ya hygge, na neno likazunguka dunia.

Lilipofika madukani likawa bidhaa: mishumaa yenye harufu, mablanketi mazito, soksi za sufu. Leo picha zake zinafika Uvira kwa simu. Anayezitazama akiwa Kavimvira au Kalundu anaweza kucheka, maana blanketi la sufu ni la nini katika joto la Tanganyika? Mwingine anaweza kuhuzunika na kudhani kwamba raha ya nyumbani ni ya wenye pesa. Wote wawili wanakosea. Jeppe Trolle Linnet, mwanaanthropolojia wa Denmark, aliandika mwaka 2011 kwamba hygge haipatani na anasa wala kujionyesha. Kwa kipimo hicho, saloni ya fotei zisizokaliwa iko mbali sana na hygge, na mkeka uliotandikwa chini ya muembe uko karibu nayo.

Kwa hiyo cha kuchukua kutoka Denmark si mishumaa wala blanketi. Ni kanuni moja: nyumba ipendeze kwanza kwa wanaolala ndani yake. Mgeni ataikuta raha hiyo na kuishiriki.

Wakaaji wa Uvira wana sababu zao za kuielewa kanuni hii kuliko watu wengi. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilijaza mito inayoshuka kutoka milimani, Mulongwe ikiwa mmoja wao. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Baadaye ziwa lenyewe likapanda, na mwaka 2024 maji yake yalikaribia kiwango cha mwaka 1964 ambacho wazee bado wanakitaja. Desemba 2025 vita vilifika mjini, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Katika safari hizo zote hakuna aliyebeba fotei kichwani. Watu walibeba watoto, sufuria, godoro, kikwembe cha kujifunika na bidoni ya maji. Walipofika walikofika, mama alitandika kikwembe chini, akawasha moto, na watoto wakalala. Pale palikuwa nyumbani kwa usiku ule.

Hiyo haimaanishi kwamba maskini hahitaji kitu. Inamaanisha kwamba kila nyumba, hata ya chumba kimoja cha mabati, inaweza kupangwa ili impumzishe mtu. Na mji ambao watu wake wamechoka hivi unahitaji mapumziko hayo kuliko Copenhagen.

Mtu anaweza kuanza na taa. Umeme wa SNEL ukikatika, nyumba nyingi zinawasha balbu ndogo ya plake ya jua, nyeupe kali, iliyoning'inia katikati ya dari na kuchoma macho. Katika miaka ya 1920, mbunifu wa Denmark Poul Henningsen alitengeneza taa yenye vifuniko vitatu, kimoja juu ya kingine, ili jicho lisiione balbu bali mwanga wake tu. Taa zake ni ghali, lakini wazo lake halina bei. Balbu ileile ikishushwa usawa wa meza na kuwekwa nyuma ya kikapu kilichosukwa, chumba kinabadilika jioni hiyohiyo. Mishumaa ndiyo isiyofaa kuigwa. Katika nyumba za mbao zenye vyandarua na mapazia, mshumaa uliosahauliwa ni moto wa kartie nzima.

Baada ya taa kuna hewa. Uvira umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa. Mchana wa joto, upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku, hewa baridi hushuka kutoka milimani. Dirisha la upande wa ziwa na dirisha la upande wa mlima yakifunguliwa kwa saa zake, nyumba inapoa bila feni. Nyumba nyingi zina dirisha upande mmoja tu, au zina mawili na kabati limewekwa mbele ya moja. Kabati hilo lisogezwe. Wavu wa mbu wa dirishani, pamoja na chandarua kitandani, vifanye hewa iingie na mbu abaki nje.

Kisha kuna mahali pa kukaa. Jua huzama mapema Uvira kwa sababu linajificha nyuma ya milima, na kivuli hufunika mji wakati milima ya Burundi, ng'ambo ya maji, bado inang'aa. Baadaye taa za Bujumbura zinaonekana, na usiku usio na mwezi taa za wavuvi wa ndagala zinasambaa ziwani. Watalii hulipa hoteli ili waone jambo kama hilo. Benchi moja la mbao la seremala wa kartie, likiegemea ukuta unaotazama upande huo, linatosha. Fotei mbili zikitolewa saloni na kuwekwa kwenye veranda, zitachakaa, ni kweli. Lakini fotei iliyochakaa kwa kukaliwa na wenyewe imefanya kazi yake.

Kuna swali gumu zaidi kuliko hayo: nani anapumzika? Katika parseli nyingi, jioni baba anaongea na jirani, vijana wanatazama simu, na mama pamoja na mabinti wanasonga bukari, wanatwanga sombe, wanasubiri zamu ya maji bombani. Chakula kikiisha, wao ndio wanaoosha vyombo gizani. Nyumba ya namna hiyo inaweza kuwa na taa nzuri na upepo mzuri, na bado iwe na mtu mmoja tu ambaye haijawahi kumpumzisha. Watu wa Denmark wanasisitiza kwamba katika hygge wote wako sawa na kazi inagawanywa. Kijana wa kiume akibeba bidoni mbili kabla ya giza, na baba akiosha sufuria moja, mama atakaa dakika thelathini kwenye benchi lile. Hakuna pambo la nyumba linalozidi hilo.

Watu wengine watasema: tamaduni za Wazungu zinafunga mlango, na sisi mlango wetu uko wazi. Wana haki. Linnet huyohuyo ameonyesha kwamba hygge ina upande wa pili: inawakusanya walio ndani na kuwaacha wengine nje. Uvira haupaswi kujifunza hilo. Tangu Goma ilipoanguka Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, saloni nyingi za mkoa huu zimegeuka vyumba vya kulala vya ndugu waliokimbia. Wenye fotei walizisukuma ukutani na kutandika mikeka. Bila kukusudia, walikuwa tayari wamejibu swali la chumba kile ni cha nani. Siku wageni hao watakaporudi kwao, ingekuwa hasara kuirudisha saloni kwenye ukimya wake wa zamani.

Hata hivyo, kuna kiwango ambacho jamaa peke yake haiwezi kukivuka. Raha ya nyumba ya Denmark inasimama juu ya vitu ambavyo hakuna anayevitaja katika vitabu vya hygge kwa sababu vipo daima: maji kwenye bomba, umeme ukutani, mtaro unaopitisha mvua. Uvira, ukosefu wa maji ni jambo la uhai na kifo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia mji huu kati ya 2009 na 2014, ulionyesha kwamba baada ya siku moja ya maji ya bomba kukatika, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu waliongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zilizofuata. Ndoo yenye kifuniko na kibomba kidogo, na kipande cha sabuni kando yake, ni pambo la kwanza la jikoni yoyote. Lakini ndoo hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya Regideso milele.

Vilevile hakuna utulivu katika nyumba ambayo watu wake wanaamka usiku kila mvua inaponyesha, wakisikiliza mto. Anayeuza parseli kwenye ukingo wa Mulongwe au kwenye mchanga ambao ziwa lilishaufunika, na ofisi inayotia muhuri karatasi za parseli hiyo, wanauza usiku usio na usingizi. Maji ya Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga huko Kalemie. Hakuna ukuta wa mifuko ya mchanga wa jamaa moja utakaoamua kiwango chake. Mipaka ya mito, mitaro iliyozibuliwa kabla ya mvua za Machi na Aprili, na viwanja salama kwa waliobomolewa nyumba ni kazi ya mji, ya mkoa na ya Kinshasa. Wakaaji wana haki ya kuidai kwa sauti ileile wanayodai usalama wa barabara.

Kuna watakaosema kwamba kuzungumzia benchi, taa na dirisha katika mji uliopitia vita na mafuriko ni mchezo. Lakini mtu ambaye hajawahi kupumzika nyumbani kwake hajui vizuri anachokitetea. Jamaa inayokaa pamoja jioni, mama akiwa ameketi na watoto wakiwa kwenye kiti kizuri, ndiyo itakayokuwa na nguvu ya kwenda kesho yake kwa shefu wa kartie na kuuliza mtaro utachimbwa lini. Fotei zitolewe vitambaa. Wenye nyumba wakae.