Kitambaa Chini ya Godoro

Mama mpendwa, mwezi huu tunakuomba uketi kidogo, hata kama maharage yako jikoni, maana jambo lenyewe linamhusu binti yako.

Sisi akina mama wachache wa usharika mmoja huku Usambara, wauguzi wawili na wengine wanaojua kushona tu, huenda katika shule za msingi za vijijini kuzungumza na wasichana juu ya hedhi. Hatulipwi. Nauli tunachangishana, na gari lisikofika tunapanda mlima kwa miguu.

Mara ya kwanza tulikosea. Tulibeba maboksi ya pedi za dukani, tukagawa pakiti moja moja, tukaimba, tukapiga na picha. Tulipokuwa tukifunga mizigo, binti mmoja akatusogelea akanong'ona: "Mama nesi, na mwezi ujao mtakuja?" Hatukuwa na jibu. Njia nzima ya kurudi tulikuwa kimya.

Tangu hapo tunakwenda na sindano, nyuzi, flaneli na kanga kuukuu zilizofuliwa vizuri. Kila msichana hushona vitambaa vyake mwenyewe. Tunawafundisha wabadilishe kila baada ya saa nne au tano, waloweke kwanza katika maji baridi, kwa sababu ya moto hugandisha damu kwenye nguo, kisha wafue kwa sabuni na kuanika juani mpaka kikauke kabisa.

Hapo kwenye jua ndipo tulipokwama. Walitazamana, wakaziba midomo. "Kaka ataona!" Basi mnakausha wapi? Chini ya godoro. Nani kawafundisha? Mama.

Mama mwenzetu, kitambaa chenye unyevu huchubua ngozi na kuleta muwasho. Mtoto hawezi kutulia kwenye dawati, na choo cha shule hakina mlango wala maji. Anaamua kubaki nyumbani mpaka siku zake ziishe, nawe unadhani ni uvivu. Dawa yake ni ndogo: anika vitambaa kwenye kamba, juu yake tandaza kanga nyepesi. Jua na upepo vitapita, macho ya watu hayatapita.

Mwambie pia kwamba miaka ya kwanza siku hupishana, asiogope. Lakini damu ikizidi siku saba, au kitambaa kikilowa chote kila saa, mpeleke zahanati. Wengine hutuuliza juu ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Hapa Tanzania hutolewa bure tangu mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haifungi kizazi, hata jirani akisema nini.

Tusijifanye tunajua kuliko wengine. Mmoja wetu, muuguzi wa miaka mingi, alirudi jioni kutoka shuleni akiwa amefundisha watoto wa watu mpaka sauti imekauka. Akitandika kitanda cha binti yake wa darasa la sita, akakuta kitambaa kimefichwa chini ya godoro. Hakujua hata kwamba mtoto amevunja ungo. Alilia, kisha akamwita. Walizungumza mpaka usiku.

Kesho yake asubuhi wakafunga kamba nyuma ya nyumba.