Mbio za Masafa Hazitaki Papara

Miongoni mwa barua tulizopokea mwezi huu imo moja itokayo Guta, wilaya ya Bunda, kando ya Ghuba ya Speke. Mwandishi wake ni kijana wa miaka 18 ambaye huvua dagaa pamoja na baba yake. Atuarifu kwamba alitamani kuwa mkimbiaji wa masafa marefu, na siku ya kwanza akaondoka Guta mbio hadi mjini Bunda na kurudi. Akafanya hivyo mara tatu katika juma moja. Juma la pili muundi wa mguu wa kulia ukamuuma hata akashindwa kusukuma mtumbwi majini, na baba yake akampiga marufuku asikimbie tena. Sasa atuuliza: je, miguu yake haikuumbwa kwa mbio?

Twamjibu kwamba miguu yake haina kosa. Tena twasema kwa adabu kuwa mzee hakukosea kumsimamisha, kwani muundi unaouma haufai kukimbiliwa. Mvulana akibonyeza mfupa kwa kidole akapata mahali pamoja padogo panapouma sana, au maumivu yakimwamsha usiku, asingoje. Na aende hospitali, kwani huenda mfupa umeanza kupata ufa. Ikiwa maumivu yameenea tu katika nyama za kando ya mfupa, apumzike mpaka aweze kutembea na kurukaruka bila kuumwa, ndipo aanze upya.

Aanze upya namna gani? Hapo ndipo vijana wengi hupotea. Mtu akianza mazoezi, moyo na mapafu hupata nguvu upesi. Baada ya majuma machache huona pumzi imefunguka na akadhani mwili mzima uko tayari. Lakini kano na mifupa huenda kwa mwendo wao wenyewe, wa miezi. Mfupa unaopata kazi mpya kwanza hupunguzwa sehemu zake zilizochoka, kisha hujengwa upya ukawa imara zaidi. Na katika muda huo wa katikati ni dhaifu kuliko mwenyewe anavyodhani. Basi pumzi humwambia mtu aende, na muundi haujapata nafasi ya kusema neno.

Kwa miaka mingi wakimbiaji wameambiana kwamba jumla ya masafa ya juma isiongezwe zaidi ya asilimia 10. Kanuni hiyo ilijaribiwa Uholanzi, na matokeo yakatolewa mwaka 2008: wanafunzi wa mbio walioongezewa polepole kwa kanuni hiyo waliumia karibu sawa na wale walioongezewa kwa haraka zaidi. Mwaka 2025 wataalamu wa Denmark wakatoa uchunguzi juu ya wakimbiaji zaidi ya 5,000, nao ukaonyesha mahali hasa pa hatari. Jumla ya juma haikuwa na uzito sana. Kilichowaumiza watu ni safari moja iliyozidi mno ile ndefu kuliko zote walizokimbia katika siku 30 zilizotangulia. Ndugu yetu wa Guta asome maneno hayo mara mbili, kwa maana safari yake ndefu kabla ya ile ya Bunda ilikuwa sufuri.

Wala asidhani kwamba kwenda polepole ni ishara ya udhaifu. Mkoa huohuo wa Mara, huko Majita, ndiko alikozaliwa Suleiman Nyambui mwaka 1953. Katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 alipata medali ya fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa muda usiotimia sekunde moja. Medali hiyo na ile ya Filbert Bayi katika michezo hiyohiyo ndizo mbili pekee ambazo Tanzania imepata katika Olimpiki mpaka leo. Alipokuwa akisoma chuo kikuu huko Texas alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000. Ushindi wake wa marathoni ya Berlin, kilometa 42 na ushei, ulikuja mwaka 1987, naye alikwisha pata miaka 34. Akarudia mwaka 1988. Tazameni basi jinsi masafa yalivyorefuka pamoja na umri. Naye Alphonce Simbu alipata shaba ya marathoni ya dunia mwaka 2017, na dhahabu akaipata Tokyo mwaka 2025. Kati ya medali hizo mbili ilipita miaka minane.

Huu ndio mpango tunaompa. Siku tatu katika juma, zisizofuatana, akimbie dakika 1 na kutembea 2, kwa muda wa dakika 25 hivi. Kila juma kukimbia kuzidi kidogo na kutembea kupungue, hata baada ya miezi miwili aweze dakika 30 bila kusimama. Kipimo cha mwendo ni ulimi wake: akishindwa kusema sentensi nzima, anakwenda kasi mno. Kisha siku moja ya juma iwe ya safari ndefu. Kama iliyo ndefu kuliko zote ni kilometa 5, ijayo iwe 5 na nusu, wala si 8, hata siku ile ajionapo ana nguvu za simba. Kwa njia hiyo, pamoja na majuma ya kupunguza, atafika kilometa 10 baada ya majuma kumi au kumi na moja.

Majuma ya kupunguza hayo kwake ni mepesi kuyapanga kuliko kwa mtu wa mjini. Dagaa huvuliwa kwa taa nyakati za giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Basi aongeze masafa wakati wa mbalamwezi, alalapo usiku kama watu wengine. Na katika usiku wa giza, baada ya kukesha ziwani, akimbie kidogo tu au asikimbie kabisa. Mwezi wa Ramadhani vilevile asiongeze kitu. Yatosha kudumisha alichonacho kwa mbio fupi baada ya kufuturu. Na alfajiri asipite ukingoni mwa maji, maana ndio wakati viboko warudipo ziwani kutoka malishoni. Ashike barabara, na jua likiwa limechomoza.

Mwisho wa barua auliza kama dada yake aweza kufuatana naye. Imepokewa katika Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha safarini, Bibi Aisha akamshinda, na baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda yeye. Basi dada na aende, kwa mavazi ya heshima yasiyomfunga miguu, na kwa ruhusa ya wazee. Ila aanze na dakika yake 1 ya kukimbia na 2 za kutembea, na kaka ndiye amngojee.